Mfupa wa Wapagazi

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba sisi watu wa Tabora tuna mfupa mmoja zaidi ya Watanzania wengine. Umekaa kati ya shingo na bega, mdogo kama kokwa ya ukwaju, na tumeurithi kwa mababu waliobeba mizigo ya misafara kutoka hapa hadi pwani na kutoka hapa hadi Ujiji. Habari hii nilipewa na fundi redio mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, mtu aliyesema kila kitu kama anasoma taarifa ya habari, na alinihakikishia kwamba daktari mmoja Mzungu aliwahi kuuona mfupa huo kwenye picha ya eksirei, akakaa chini, akalia. Kazi ya mfupa, alisema, ni kuulinda mkono usizeeke. Miguu itachoka, macho yatafunga duka, lakini mkono wa mjukuu wa mpagazi utabaki mkono. Nilirudi chumbani, nikavua shati, nikajipapasa begani mbele ya kioo, nikaupata. Wiki ile nilipapasa mabega ya nusu ya mji, na kila mtu alikuwa nao, isipokuwa karani mmoja aliyehamia kutoka Kilimanjaro.

Nimeishi na mfupa huo karibu miaka ishirini. Nimeusimulia harusini, kwenye foleni ya maji, kwenye ghala la asali ninakofanya kazi ya kupokea ndoo, na watu wamecheka mpaka nyuki wamekasirika. Mwezi uliopita tulimzika Mama Tabitha kule Itetemia, mke wa marehemu Mwalimu Elikana, na pale msibani nikausimulia tena. Nilitoka pale nikiwa na mfupa mmoja pungufu. Siandiki haya ili nijisafishe, maana wa kunisamehe ni wawili na wote wamelala pamoja chini ya mchanga wa Itetemia. Naandika kwa sababu nimejaribu kukaa kimya majuma matatu, na mimi kimya hakinijui.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika darasa la jioni. Tulikuwa watu wazima watupu: fundi viatu, mama muuza vitumbua, mgambo wawili na mimi, tumejibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusana na masikio. Mwalimu Elikana alikuwa amestaafu, na alitufundisha bila kudai chochote, akitembea kwa miguu kutoka Itetemia na koti lake la kanisani, koti ambalo nadhani lilizaliwa kabla yake. Alikuwa na uwezo wa kuchora duara ubaoni kwa mkono mtupu, mviringo kamili, ungeweza kuliviringisha hadi Nzega. Lakini mwaka ule wa mwisho chaki ilianza kumponyoka. Ilianguka mara moja kwa kipindi, kisha mara tatu, kisha tukaacha kuhesabu. “Chaki za siku hizi zina mafuta,” alikuwa akisema, na sisi tulicheka, na mama wa vitumbua ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote kuiokota. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini haikuponyoka mikononi mwetu.

Nilipofaulu, na nilifaulu kwa nusu ya unywele, nilipata kazi kwenye mradi mmoja uliokuwa umepanga nyumba Ng'ambo, nyuma ya mafundi seremala. Mradi ulikuwa unapima wazee. Tuliwapa kifaa cha chuma chenye saa ndogo, mzee anakibana kwa nguvu zake zote, na mshale unaonyesha amebana kwa kilo ngapi. Sisi tulikiita koleo. Kwenye daftari tuliandika jina, umri na kilo, basi. Lengo lilikuwa kuchora mstari mmoja kwa ajili ya zahanati. Mzee ambaye mkono wake ungeangukia chini ya mstari, kwa umri wake, angeingizwa kwenye orodha, na muuguzi angemtembelea nyumbani kila juma, ampime sukari na presha, aangalie anakula nini, amletee unga wa lishe. Mkono, walisema, husema mapema yale ambayo mwili mzima utayasema baadaye. Nilikubali kwa kichwa, huku moyoni nikiwahurumia: hawa wageni wamekuja kupima mikono Tabora, ya wajukuu wa wapagazi! Mstari wao utakosa mtu wa kumweka chini.

Aliyekuwa akichora mstari ni Leokadia, binti wa Igunga aliyesomea takwimu Dar es Salaam, mwembamba, mkali wa macho, asiyecheka mpaka amalize kufikiri. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, meza moja, kompyuta moja iliyonguruma kama mashine ya kukoboa, na karatasi zilizobandikwa ukutani hadi darini. Mchana tulikula humo humo, wali na maharage kutoka kwa mama lishe wa seremala, au matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, na chai pale mama lishe aliposusa. Siku moja nilimuuliza anatumia kanuni gani kupata huo mstari, maana mimi na cheti changu kibichi nilikuwa na njaa ya kanuni.

“Situmii kanuni,” alisema. “Kanuni ingenilazimisha niamue mapema kwamba nguvu inapungua kwa mnyooko, au kwa kupinda namna fulani. Mimi sijui inapunguaje. Nawauliza majirani.”

“Majirani wa nani?”

Akamwaga karanga mezani. Kila karanga ilikuwa mzee mmoja. Aliyekuwa kushoto alikuwa na miaka sitini, wa kulia tisini. Aliyekuwa karibu nasi alikuwa dhaifu, wa mbali alikuwa na nguvu. “Nataka kujua mstari upite wapi kwa mtu wa miaka sabini,” alisema. “Sichukui wenye sabini peke yao, ni wachache. Nachukua na majirani zao, wa sitini na saba hadi sabini na tatu. Wa karibu nampa sauti kubwa, wa mbali nampa sauti ndogo. Nawapanga kuanzia dhaifu kabisa, nahesabu hadi nimepita mmoja katika kila kumi, hapo naweka alama. Kisha nasogea kwa mwenye sabini na moja, naanza upya. Nikimaliza, naunganisha alama.”

“Kwa hiyo mstari unachorwa na wazee wenyewe.”

“Na wazee wenyewe. Mimi sina maoni. Ndiyo maana daftari likidanganya, mstari hauna mahali pa kujificha. Na ubaya zaidi uko huku ukingoni.” Akaonyesha upande wa tisini, karanga tatu nne zimejitenga kama wageni wasiojuana. “Huku majirani wako upande mmoja tu. Karanga moja ikikaa vibaya, mstari wote unaifuata.”

Mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Leokadia alinitazama nikitafuna. “Kaka Maganga,” alisema, “umemla mzee wa kijiji cha Lusu.” Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka, na nilijiona mshindi kwa juma zima. Maneno yake kuhusu daftari yalipita juu ya kichwa changu kama ndege za kwenda Mwanza.

Kwa maana umri, ndugu msomaji, ndio niliokuwa nauandika mimi. Wazee wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, na mradi ulitupa utaratibu wa kuwauliza mambo ya kale: nzige, njaa, ujenzi wa kanisa, mwaka waliooa au kuolewa. Tulitakiwa tukae na mzee, tuulize hili na lile, tulinganishe, na pakiwa na cheti cha ubatizo tukione kwa macho. Nilifanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa Lusu, jua limesimama juu ya majaruba ya mpunga kama limetundikwa kwa kamba, nikafika kwa Mzee Kulwa. Alikuwa akipasua kuni. Nilimpa shikamoo, akaniitikia bila kuweka shoka chini, akaita kwa Kinyamwezi ndani ya nyumba, na mara nikaletewa ugali wa mtama, uyoga wa kukausha uliopikwa kwa karanga, na kuku mzima ambaye asubuhi ile alikuwa na mipango yake.

“Mzee wangu, ulizaliwa mwaka gani?”

“Mwaka wa nzige.”

“Nzige wa kwanza au wa pili?”

“Nzige waliokula mtama.”

“Wote walikula mtama, Mzee.”

“Basi andika wote,” alisema, na nyumba nzima ikacheka.

Sasa mtu amekuchinjia kuku, amekuita mwanangu, unamwandikia miaka sabini kama mpangaji? Kwetu kumpunguzia mzee miaka ni kumvua kofia mbele ya watu. Niliandika tisini na mbili. Nikamsomea kwa sauti, naye akanyooka, akatazama wake za watoto wake, akasema, “Mmesikia?” Kisha akalishika koleo na kulibana hadi nikaogopa saa itavunjika. Tangu siku ile nilikuwa na desturi yangu. Mzee mwenye sauti nzito nilimwongezea mitano. Mwenye utani mzuri, kumi. Aliyepasua kuni au aliyecheza ngoma mbele yangu, huyo nilimvusha tisini bila daraja. Wale dhaifu, waliolala kitandani wakijibu kwa kichwa, sikuwa na furaha ya kuwaongezea, nikawaandikia kadiri nilivyokadiria. Niliwapa watu heshima kwa wino wa bure, na kila jioni nilirudi Ng'ambo nikijihisi nimegawa zawadi kijiji kizima.

Kwa Mwalimu Elikana nilikwenda mwenyewe, nikiwa nimewaomba wenzangu waniachie. Nyumba yake ilikuwa na sebule ndogo yenye viti vinne vya mninga, kila kimoja na kitambaa cha kufuma cha Mama Tabitha, na kalenda ya kanisa la Moravian iliyopitwa na wakati. Mwalimu alikuwa amekonda. Ngozi ya shingo ilining'inia, kola ya shati ikazunguka peke yake, na alikuwa akinywa maji glasi baada ya glasi kama mtu aliyetoka safari. Nilimwona mzee sana. Nilifurahi kumwona mzee sana.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekuja kunipa mtihani?”

“Mdogo tu, Mwalimu. Umri?”

“Nenda ofisi ya kanisa, kitabu cha ubatizo kipo, ukurasa nao upo. Sitaki uandike kwa kunikadiria kama gunia.”

“Mwalimu, jua hili!”

“Kanisa halijahama kwa sababu ya jua.”

Mama Tabitha akaingia na sinia. “Mwache mtoto wa watu aandike, chakula kinapoa. Hachoki kutafuta mtu wa kumsahihisha, leo amekupata wewe.” Tukala. Mlenda, ugali, vipande vya viazi vitamu. Aliponyanyua tonge lilimwangukia mapajani, akalifunika kwa mkono kama mtu anayeficha alama mbaya ya mtihani. Kisha nikampa koleo. Alilibana, akakunja uso, akauma meno. Mshale ukasogea kidogo, ukarudi kulala. Ulikuwa mkono wa mtoto. Niliziona zile kilo, nikaona aibu kwa niaba yake, na nikafanya kitu pekee nilichokijua cha kumfunika mtu aibu. Niliandika miaka tisini na moja. Kwa tisini na moja, nilijiambia, hata mshale kusogea ni ushujaa. Nikamsomea. Alinitazama juu ya miwani. “Nenda kanisani, Maganga,” alisema, taratibu, na akaomba maji mengine. Sikwenda. Lilikuwa umbali wa kutupa jiwe mara mbili, na sikwenda.

Miezi miwili baadaye Leokadia alibandika mstari ukutani. Ulianza juu kwa wenye sitini, ukateremka kwa wenye sabini, ukateremka zaidi kwa wenye themanini, kama njia inayoshuka mtoni. Halafu, ulipokaribia tisini, ukainuka. Ukapanda! Mzee wa tisini na tatu alikuwa na nguvu kuliko wa themanini. Niliruka hadi nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Nilikimbia kwa fundi redio, yeye akatangaza kwa mafundi seremala, na alasiri ile Ng'ambo nzima ilikuwa ikipapasana mabega. Kompyuta imethibitisha! Imewauliza majirani, na majirani wamesema! Leokadia peke yake alibaki kwenye kiti chake akitazama ile sehemu iliyoinuka, kalamu mdomoni. “Kuna kitu hapa,” aliniambia. “Watu hawarudi ujana wakifika tisini.” Nikamwambia kuhusu mfupa. Nilimweleza kwa dakika arobaini. Nilimwekea hata mkono wake begani kwake. Alinisikiliza, akaniuliza kama umri uliandikwa kwa utaratibu, na mimi nikamjibu, “Kabisa, Dada,” kwa uso mweupe kama sahani.

Mkuu wa mradi hakuwa na muda. Alisema huko mwisho watu ni wachache, mstari hauaminiki, basi zahanati itautumia hadi miaka themanini na mitano tu. Waliozidi hapo hawatahesabiwa kuwa chini wala juu. Watasubiri upimaji mwingine, wenye wazee wengi zaidi. Ile sehemu ikapakwa rangi ya kijivu. Mimi nilicheka sana: wameuona mfupa, wameogopa kuutangaza. Kilichonipita, na kilikuwa kimesimama mbele ya pua yangu, ni kwamba Mwalimu wangu alikuwa ameingia kwenye ile rangi ya kijivu, na nilimwingiza mimi.

Muuguzi alianza mizunguko yake Itetemia wakati wa kiangazi. Alikuja kila Alhamisi kwa baiskeli, akaingia nyumba ya jirani yake Mwalimu, mzee wa miaka sabini na minne niliyemwandikia umri wake kamili kwa sababu alinikaripia. Nilikuwa nimekaa barazani na Mama Tabitha Alhamisi moja, tukimenya karanga, tukamwona akipita.

“Dada muuguzi,” Mama Tabitha alimwita, “na huku kuna mgonjwa.”

Yule dada alisimama, akafungua orodha, akapitisha kidole. “Mzee Elikana, miaka tisini na moja. Hayumo, Mama. Hawa wa umri huo watapangiwa baadaye. Mpelekeni zahanati.”

“Anasema yeye si mgonjwa, ni uzee.”

“Kwa tisini na moja, Mama, ni kweli.” Akapanda baiskeli. Mama Tabitha aliendelea kumenya karanga, akayatia maganda kwenye bakuli la karanga na karanga kwenye maganda, na mimi nikafanya mzaha kuhusu hilo. Nakumbuka mzaha wenyewe. Siuandiki.

Mwalimu alijikata kidole cha mguu kwa jembe mwezi wa tisa, na kidonda hakikufunga. Alipopelekwa hospitali walikuta sukari imepanda siku nyingi. Darasa la jioni lilifungwa kwa kukosa mwalimu. Chumba kile sasa ni stoo ya madawati yaliyovunjika. Alifariki kabla ya mvua za kwanza, na kwenye msalaba wa mbao, fundi alipouliza miaka, mimi ndiye niliyemtajia, tena kwa majivuno. Mama Tabitha alikuwa ndani akilia, hakutoka kunisikia. Baadaye, nadhani, aliona aibu kuusahihisha msalaba. Mradi ulifunga nyumba ya Ng'ambo mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Upimaji mwingine haukuja. Leokadia alirudi Dar es Salaam, akawa mwalimu wa chuo, na mimi nikabaki na hadithi nzuri.

Mwezi uliopita, basi, tumetoka makaburini, tumenawa, tumekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya nyumba na sahani za pilau magotini. Leokadia, niliyempa habari ya msiba kwa simu, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, nywele zimeanza mvi, miwani minene. Watu walikuwa wamenyong'onyea, na mimi siwezi kuona watu wamenyong'onyea. Nikaanza: fundi redio, mfupa, Mzee Kulwa na nzige wake, mstari uliopanda. Wakacheka. Hata padri mmoja kijana, aliyekuja kwa ujirani mwema, alijipapasa bega. Leokadia hakucheka. Alisubiri sahani zikusanywe na watu watawanyike, akavuta kiti chake karibu na changu. Akaniambia kwamba mwaka jana alizitafuta daftari zetu za zamani ili awafundishie wanafunzi wake jinsi mstari unavyoharibika ukingoni, na alipoona umri hauelekei, aliandika barua kwa makanisa, ya Katoliki na ya Moravian, akaomba vitabu vya ubatizo, akawatafuta wazee mmoja mmoja kwa majina. Alisema alifika msibani mapema makusudi, akapita kwanza ofisi ya kanisa la hapa, kuuona ukurasa kwa macho yake. Nilijaribu kutabasamu. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwani kitabu kinasemaje kuhusu mfupa.

“Hakuna mfupa, Kaka Maganga,” alisema. “Wenye nguvu uliwaongezea miaka, ndiyo maana mstari ulipanda. Mwalimu alikuwa na miaka sabini na moja. Kwa umri huo mkono wake ulikuwa chini ya mstari, na muuguzi angeingia.”